Balbu ya Joto ya Mwisho Ilembwe

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu balbu. Watu wa nje wakisikia hivyo hucheka, wakaniuliza kama chumvi nayo ina mhesabu wake. Wacheke tu. Kwa miaka sita niliingia nyumba mia nne na kumi na mbili za Kata ya Ilembwe, nikainua shingo kwenye kila dari, mpaka nikajua nani ana dari ya mbao, nani ana dari ya turubai, na nani alijenga vyumba vitano ili aishi katika kimoja. Nilijifunza pia kwamba mtu anaweza kuficha balbu kwa bidii ambayo hangeitumia kumficha mwanawe aliyeua.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita ilikuwa imebaki nyumba moja tu, ya Mama Kiswaga.

Nilifika saa tatu asubuhi, sakitu ya umande ulioganda bado imelala juu ya majani ya viazi. Mlangoni palikuwa na tawi la mwanzi limelazwa kizingitini, nikasimama pale pale uani. Kwetu nyumba yenye mtoto mchanga haihesabiwi. Hawahesabiwi kuku wake, wala viti, wala watu waliomo, mpaka siku mtoto atakapotolewa nje kuonyeshwa jua. Wazee walisema ukihesabu, kifo kinapata pa kuanzia kuchagua. Mimi nina cheti cha ufundi wa umeme na sikuyaamini hayo, ila pia sijawahi kuyavunja.

"Kamwene, mama," nikasema.

"Kamwene, mwanangu. Karibu, lakini hapo hapo. Na hiyo mashine yako ya kuhesabia iweke mfukoni."

Nikaiweka. "Nimekuja kwa ile habari ya taa. Zile za joto mmezitoa?"

"Tumezitoa," alisema Mama Kiswaga, akikohoa ndani ya kanga. "Zote. Zilizomo humu ni hizo zenu."

Nikamshukuru na kuondoka. Kulikagua neno la mama mkwe wa aliyejifungua kwenye nyumba ya uzazi ni kumwita mwongo na mchawi kwa mpigo mmoja. Nilipofika barabarani nikatoa mashine na kuandika: nyumba ya mia nne na kumi na mbili, balbu za joto, sifuri. Kisha nikabonyeza dole gumba, na hesabu ikaenda Shirika la Mwanga.

Nieleze kidogo, maana wengine mmezaliwa ndani ya mwanga huu wa sasa na hamjui mwingine. Balbu ya joto ilikuwa kioo chenye uzi ndani. Umeme ulipita kwenye uzi, uzi ukaiva, ukatoa mwanga wa njano kidogo na joto jingi. Ilikula wati sitini na karibu zote zilipotea kama joto. Balbu baridi inakula wati nne, na ukiishika utadhani imezimwa. Tena inalihisi joto la mwili wa mtu na kuangaza upande alipo tu. Ukihama kona, mwanga unakufuata. Shirika la Mwanga lilizigawa bure, mlango kwa mlango, na kila kata ikapewa tarakimu yake iitwayo Baki: umeme ambao ungeokolewa kama kila balbu ya joto iliyosalia ingetolewa. Sisi tulianza na Baki ya kilowati thelathini na moja.

Baki ikifika sifuri, Shirika hupunguza nguvu ya laini za majumbani mpaka kiwango kinachotosha balbu baridi na simu, basi. Watu huuita umeme mwembamba. Kilichookolewa hupelekwa mahali pamoja palipochaguliwa na kata yenyewe. Sisi tulichagua kituo cha afya, ambako mashine ya kusafisha damu ilikuwa imekaa ndani ya kreti miezi kumi na moja ikisubiri umeme wa kutosha. Mita za Shirika zilisoma mtaa mzima kwa pamoja, na wati sitini katikati ya nyumba arobaini zingeweza kuwa balbu baridi kumi na tano. Ndiyo maana walihitaji mtu mwenye miguu na shingo.

Wagonjwa watano walikuwa wakiisubiri mashine ile. Mmoja ni kaka yangu Obeti, tumbo moja, aliyenilea tangu baba alipofariki. Alikuwa akisafiri mwendo wa saa saba kwenda mjini kusafishwa damu mara moja kwa wiki, na madaktari walitaka mara tatu. Uso ulikuwa umemvimba mpaka nilikuwa nikimtafuta kaka yangu ndani yake. Daktari aliniambia waziwazi kwamba kwa mwendo ule hatafika Krismasi.

Basi mwajua kwa nini nilimshukuru Mama Kiswaga haraka.

*

Jumatano, siku mbili kabla ya laini kupunguzwa, nilikwenda kituoni kuwaona mafundi wakifungua kreti. Nesi Lutufyo, kijana wa Kinyakyusa mwenye mikono isiyotulia, alikuwa akifuta vumbi kwenye mabomba. Alikuwa na furaha, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Dada Skola, wale watoto wa Edina wanaendeleaje?"

Edina ni mkwe wa Mama Kiswaga. "Watoto? Si ni mmoja?"

Lutufyo akaacha kufuta. "Wawili. Walizaliwa kabla ya wakati, wiki ya thelathini na moja. Mkubwa anakaa kifuani kwa mama yake, ambaye hana nguvu za kubeba wawili. Mdogo ana kilo moja na robo, yeye yumo kwenye sanduku la bibi."

"Sanduku gani?"

Alinitazama, na nikamwona anaelewa kabla yangu. "La mbao. Lina balbu ya joto ubavuni, imezungushiwa wavu. Nimelipima mwenyewe, linashika nyuzi thelathini na nne, halichezi. Hapa sina kifaa cha kuwatunzia watoto wadogo hivyo. Wilayani walikuwa wamelazwa watatu kitanda kimoja, na wanatoka huko na maambukizi. Nikamwambia bibi, kama una njia ya kuwapa joto, rudi nao." Akashusha sauti. "Dada, nilidhani unajua. Mtaa mzima unajua. Mwanga wa njano unaonekana kwenye ufa wa mlango wa nyuma."

Niliona aibu kwanza, kisha hasira. Miaka sita ya kuinua shingo, na mtu pekee wa Ilembwe asiyejua palipo na balbu ya joto alikuwa mimi.

"Anahitaji wiki ngapi?"

"Tano. Akifika kilo mbili, mbeleko tu itamtosha."

"Betri ya kituo?"

"Ni ya friji ya chanjo. Ikilisha ile balbu haifiki hata saa nzima. Na umeme wa mashine una mita yake, nikichomeka kitu kingine Shirika linaona siku hiyo hiyo."

"Na bibi hawezi kumweka kifuani?"

"Bibi ana kifua. Nimemwambia asimsogelee bila kitambaa puani. Baba yao yuko machimboni, hata hajui kama wamezaliwa." Lutufyo akaichukua tena nguo yake ya kufutia, akaikunja. "Ukizima Ijumaa, dada, unazima sanduku."

Nilimpigia simu Bwana Kalokola wa Shirika, mtu mpole, msafi, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Naomba tuahirishe wiki tano," nikamwambia.

"Kwa sababu gani, Bi Mgaya?"

"Baridi."

"Baridi haimo kwenye orodha ya sababu."

"Na kama kuna nyumba ambayo haijakamilika?"

"Ulishaweka dole. Ukisema kuna balbu, maana yake hesabu yako ni ya uongo, na kata yenye hesabu ya uongo inarudi mkiani mwa foleni. Mkiani ni miezi kumi na minne. Mashine itakwenda kwa wenzenu wa bondeni, wao wamebakiza nusu kilowati. Sipangi mimi hayo, yamepangwa. Sasa nikuulize kwa utaratibu. Kuna nyumba?"

Kwa balbu moja tu, wati hamsini na sita za nyongeza, wiki tano. Nimezipiga hesabu hizo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara ni kidogo kuliko umeme wa pasi.

"Hakuna," nikasema.

"Vizuri. Nilikusikia vibaya."

*

Jioni ile nilimkuta Obeti kizingitini kwake akimenya viazi, polepole, maana vidole vilikuwa vimevimba. Nikamweleza yote, kuanzia tawi la mwanzi mpaka Kalokola. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho, akakitumbukiza kwenye sufuria.

"Kwa nini umeniambia?"

"Nilitaka ushauri, kaka."

"Hukutaka ushauri. Ungenyamaza, ningepona nisijue kitu. Ungesema mbele ya watu, ningekufa nimekukasirikia, yakaisha. Sasa umekuja kunigawia nusu yako niibebe."

"Sikujua nimwambie nani mwingine."

"Unataka niseme mimi siitaki hiyo mashine, ili ukalale. Sisemi, Skola. Nina miaka arobaini na sita na mtoto wa darasa la tatu. Naitaka."

Akachukua kiazi kingine. Nilikaa naye mpaka sufuria ikajaa. Nilimchukia kidogo kwa kusema kweli, na nilimpenda kama siku zote, na hayo mawili yalikaa pamoja ndani yangu bila kugombana.

*

Alhamisi nikarudi uani kwa Mama Kiswaga. Safari hii alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, ananisubiri.

"Ulinidanganya, mama."

"Nilikudanganya," akasema. "Na wewe ulivyoondoka mbio, hukunipa hata nafasi ya kuona haya."

"Kesho saa nne ile balbu itazimika."

"Redio imesema."

"Nitakuja kumbeba mimi. Nitamweka kifuani, usiku na mchana, wiki zote tano. Lutufyo amenionyesha namna ya kumfunga."

Alinitazama kuanzia miguuni. "Wewe umeihesabu nyumba hii."

"Niliandika sifuri, mama."

"Sifuri si hesabu?"

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Obeti namjua tangu ananyonya," alisema. "Sitakuomba uende ukaseme. Mwanamke akiniomba nichague kati ya ndugu yake na mjukuu wangu nitamfukuza kwa fimbo, sasa nitakuombaje wewe? Ila na wewe usiniombe nikubariki. Njoo kesho, uwe umeoga, na usijipake mafuta yenye harufu."

*

Ijumaa kituo cha afya kilijaa watu. Wagonjwa wale watano walikalishwa benchi la mbele, Obeti akiwa wa pili kutoka kushoto, amevaa koti lake la harusi. Shirika lina desturi yake: kabla laini haijapunguzwa, mhesabu husimama akaulizwa kwa sauti na kujibu kwa sauti, ili kila mtu awe shahidi.

"Baki ya Ilembwe?" akauliza Bwana Kalokola.

Niliwatazama watu. Walikuwepo majirani wa Mama Kiswaga, wote, waliopita kila jioni mbele ya ule ufa wa mlango. Mmoja angekohoa tu, nadhani ningesema kweli. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sina hakika. Obeti alikuwa akitazama magoti yake.

"Sifuri," nikasema.

Wakapiga makofi. Hakuna aliyepiga hafifu. Fundi akageuza swichi, taa za ukumbini zikafifia kidogo kisha zikatulia, na kutoka chumba cha pili ukasikika muungurumo wa mashine ikiamka. Mke wa Obeti akaanza kulia. Mimi nilikuwa tayari nimefika getini, nafungua vifungo vya sweta huku natembea.

*

Lile tawi la mwanzi nililiruka. Chumba cha uzazi kilikuwa cha ndani kabisa, hakina dirisha. Edina, binti wa miaka ishirini na mbili, mkimya, alikuwa amekaa kitandani na mkubwa kifuani. Alinyoosha mkono kuelekea sandukuni. Wavu ulikuwa bado na uvuguvugu. Nikamchukua yule mdogo, nikamweka kwenye ngozi yangu, nikafungwa kanga mbili na blanketi. Alikuwa mwepesi kuliko mashine yangu ya kuhesabia.

Nilikaa nao siku kumi na tisa. Nililala nimeegemea ukuta. Mama Kiswaga alinilisha uji akiwa amejifunga kitambaa puani, na siku ya sita akaanza kuniita mwanangu tena. Balbu baridi juu yetu ilituangaza mimi na mtoto kwa mwale mmoja, ikatuona mtu mmoja. Lutufyo alikuja na mizani yake kila baada ya siku mbili. Kilo moja na gramu mia nne. Mia tano. Mia sita. Habari za Obeti nazo zilikuja naye: amepungua uvimbe, amekula, amepalilia. Sijaolewa, sijazaa, nina miaka thelathini na nane. Niseme tu kwamba katika siku zile nilikuwa na furaha ambayo sikuwa na haki nayo, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nimepata njia ya kula huku na huku.

Siku ya kumi na nane Bwana Kalokola alipiga simu. Ilembwe ilikuwa kata ya kwanza ya nyanda za juu kufika Baki sifuri. Kesho yake ingetolewa hati mbele ya wakubwa na waandishi wa habari, saa nne asubuhi, ofisi ya kata.

"Sitaweza, Bwana Kalokola. Namuuguza mtu."

"Nani?"

Nikalivuta blanketi limfunike mtoto vizuri.

"Mhesabu asipoonekana, watu huuliza kwa nini," alisema, kwa upole wake ule ule. "Wakiuliza, watakagua. Saa mbili tu, Bi Mgaya."

Basi uongo wangu ulikuwa bado unataka kulishwa. Asubuhi Mama Kiswaga alijaza chupa sita za maji ya moto, akazifunga vitambaa, akazipanga sandukuni. Nilimpima mtoto joto mwenyewe kabla ya kuondoka. Tulikubaliana chupa zibadilishwe kila baada ya dakika arobaini. Edina alikuwa amekesha na mkubwa aliyekuwa na mafua, tukamwacha alale.

Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili. Kisha alizungumza. Alisema Ilembwe imeonyesha kwamba hakuna uwezo unaobaki bila kutumiwa palipo na nia. Nilipokea karatasi iliyoandikwa asilimia mia moja, nikapigwa picha, na katika ile picha, ambayo bado ipo ofisi ya kata, nimeshika kifua kwa mkono wa kushoto kama vile kuna mtu. Nilirudi saa tisa alasiri, nikikimbia.

Mama Kiswaga alikuwa jikoni akipuliza kuni. Mvua ya manyunyu ilikuwa imezilowesha, na maji yalikuwa yamegoma kuchemka. "Chupa za mwisho zimekaa kidogo," alisema bila kugeuka, "lakini amelala vizuri, hakulia hata kidogo."

Niliingia chumba cha ndani. Upande wa kitanda kulikuwa na mwanga. Edina alikuwa amelala, mkubwa kifuani mwake, na balbu ikiwaangazia wote wawili. Upande wa sanduku ulikuwa giza. Nilisimama hapo, nikijua balbu ile inahisi nini na inaacha kuhisi nini, kwa sababu nimewaeleza watu mambo hayo katika nyumba mia nne. Kisha nikapiga hatua mbele na mwanga ukaja pamoja nami, juu yangu, na kwa mwanga huo nikamwona.

*

Tulimzika siku iliyofuata, nyuma ya shamba la pareto. Kwa mtoto asiyetolewa nje hakuna msiba mkubwa. Wanakuja majirani, wanaume wawili watatu wanachimba, wanawake wanasimama kando. Walikuja karibu wote waliopiga makofi. Mama Kiswaga alikaa kwenye kigoda chake, amenyooka, hataki kushikwa. Lutufyo alikuwepo, mikono imetulia kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Obeti alikuja na jembe begani. Sikuwa nimemwona tangu siku ya swichi. Uso wake ulikuwa umerudi, mifupa ya mashavu imeonekana, macho meupe. Alivua koti, akalitundika kwenye mti wa uzio, akaanza kuchimba, na alichimba vile alivyokuwa akichimba zamani, jembe linapanda na kushuka bila kupumzika, udongo mweusi ukiruka kando. Yule mwenzake aliyekuja kumsaidia akabaki amesimama.

"Tazameni Obeti alivyopona," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu. Alisema kwa wema. Wengine wakaitikia kwamba Mungu ni mkubwa.

Kaburi la mtoto wa kiasi kile halihitaji nguvu zote hizo. Lilikuwa limeshatosha, na Obeti alikuwa bado anachimba. Alipofika magotini akasimama, akatoka shimoni, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa. Kwetu mwanamke hashiki jembe makaburini. Akaligeuza, akanielekezea mpini.

"Nusu iliyobaki ni yako," alisema.

Nikalipokea, nikashuka. Walikuwepo wazee pale, walikuwepo walezi wangu wa ubatizo, na hakuna aliyenizuia.